Kinachogusa Mwili Ni Chako: Vya Kufungasha Kabla ya Msimu wa Theluji

Kama umekaa na kikombe cha chai, endelea kunywa. Kama uko njiani, ongeza sauti kidogo, maana leo nazungumza na watu wanaofungasha mabegi.

Wapo vijana wetu ambao miezi hii ya Oktoba na Novemba wanajiandaa kwenda kukaa milimani Ulaya kwa msimu mzima wa baridi. Huyu amepata kazi ya hoteli huko Tirol, Austria: kutandika vitanda asubuhi, kuhudumia mezani jioni, na katikati ya mchana ana saa chache za kupanda mlimani. Yule yuko masomoni Munich au Lyon, na mwaka huu ameazimia kujifunza skii. Msimu wenyewe huanza mapema Desemba na kwisha Aprili. Ni miezi mingi, msikilizaji. Si safari ya wiki moja ambayo mtu anaweza kuvumilia soksi mbaya mpaka arudi nyumbani.

Na usiseme kwamba mambo ya theluji si yetu. Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya, alishindana kwa skii huko Nagano, Japani, mwaka 1998. Alifika wa mwisho katika mbio za kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei akamngoja kwenye mstari wa kumalizia ampe mkono wa pongezi. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Mwaka 2018 Sabrina Wanjiku Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, akashuka milima ya Pyeongchang, Korea Kusini, akiwa amevaa rangi za Kenya. Kwa hiyo njia imekwisha kukanyagwa.

Sasa, swali la kila anayeondoka ni moja: nibebe nini? Orodha ya vitu vikubwa utaipata popote. Koti, suruali, skii, fimbo, helmeti. Leo nataka tuzungumze vile vya ziada, vidogo, ambavyo watu hawavitaji, halafu vikikosekana vinakuharibia miezi yote. Na nina kanuni moja ya kukupa, nitairudia mpaka uishike: kinachogusa mwili wako, kiwe chako. Kinachogusa theluji, kodi hukohuko.

Kwa nini nasema hivyo? Chukua skii zenyewe. Kila mji wa milimani una maduka ya kukodisha, na mengi hukodisha kwa msimu mzima kwa bei nafuu kuliko ya siku kwa siku. Mashirika mengi ya ndege yanakutoza kwa mzigo huo mrefu. Tena mwanafunzi wa skii huanza na fupi, akizoea anahamia ndefu zaidi. Ukinunua za kwanza umeshajifunga. Kwa hiyo skii na fimbo ziache. Fedha zako zipeleke kwenye vile vitakavyolala juu ya ngozi yako kutwa nzima.

Tuanzie miguuni, maana huko ndiko msimu unakoharibikia.

Kiatu cha skii ni plastiki ngumu inayopanda hadi katikati ya muundi, na ndani yake kuna kiatu cha pili, laini, kinachoweza kutolewa. Kinabana kwa makusudi, kwa sababu mguu wako ndio usukani wa skii. Kiatu kikiwa kikubwa, mguu unacheza ndani, nawe unakaza vifungo ili utulie, unakaza tena, mpaka damu inashindwa kupita na vidole vinakufa ganzi. Hapo mtu husema, “Soksi yangu ni nyembamba mno,” anaongeza ya pili. Je, atapata joto? Hapati. Soksi mbili hukunjamana, zinaminya damu zaidi, na jasho linabaki katikati. Nasema tena, kwa sababu kosa hili ni la kila mtu: soksi ni moja tu kwa kila mguu. Iwe ndefu hadi chini ya goti, nyembamba, ya sufu laini. Pamba usiiguse, pamba hunywa jasho, hukaa nalo, na jasho hilo likipoa linakupoza wewe. Sufu hata ikilowa kidogo bado inatunza joto. Beba jozi nne, mbili za kuvaa na mbili za kukauka.

Kuhusu kipimo, sikiliza vizuri. Viatu hivi hupimwa kwa sentimita za urefu wa mguu. Usimpe muuzaji namba ya raba zako. Simama peku, kisigino kiguse ukuta, mtu apime kutoka ukutani hadi ncha ya kidole kirefu. Ukipata sentimita 26 na nusu, hiyo ndiyo namba yako: 26.5. Ukivaa na kusimama wima, vidole viguse mbele kidogo tu. Ukikunja magoti, virudi nyuma na kuachia. Kama umebahatika kuwa na akiba ya kununua kitu kimoja kikubwa, basi kiwe viatu, na uvinunue hukohuko mlimani, kwa fundi anayeweza kuvitanua mahali vinapokuumiza. Kama huna, kodi viatu lakini beba soli zako za ndani, zilizotengenezwa kwa umbo la wayo wako. Soli hizo unazihamisha kutoka kiatu hadi kiatu. Na usisahau mkasi wa kucha. Ukucha mrefu wa kidole gumba ukigonga mbele ya kiatu siku nzima, jioni unauona mweusi.

Sasa njoo nikuonyeshe chumba cha wafanyakazi saa kumi na mbili jioni. Viatu vimepangwa mlangoni, kila kimoja na kidimbwi chake cha maji. Asiyejua ameviacha hivyohivyo, ameingia kuoga. Anayejua amekaa chini, amefungua vifungo vyote, ameingiza mikono miwili na kukivuta kile kiatu cha ndani mpaka kikatoka. Amechomoa soli akaisimamisha pembeni. Amekunja magazeti akayasokomeza hadi kwenye ncha ya vidole, akakiweka karibu na hita, lakini si juu yake, maana moto mkali huharibu sponji na gundi. Baada ya kula anarudi, anatoa magazeti yaliyolowa, anaingiza makavu. Asubuhi yeye anavaa kiatu kikavu. Mwenzake anaingiza mguu kwenye unyevu wa jana. Kipo kifaa kidogo cha umeme cha kukausha viatu, kinapuliza hewa ya uvuguvugu ndani. Ukiniuliza kitu kimoja cha ziada cha kumnunulia mtu anayekwenda kukaa msimu mzima, nitakutajia hicho kabla ya vingine vyote. Na viatu visilale garini usiku. Plastiki ikipoa hukakamaa, na asubuhi utahangaika kuviingia.

Bado tuko miguuni, nimalizie mawili. Kijijini kuna barafu. Watu wengi hujihadhari mlimani, halafu wanateleza kwenye ngazi za jikoni saa kumi na moja alfajiri wakienda kazini. Viko vitu vya mpira vyenye meno madogo ya chuma, unavivisha juu ya kiatu cha kawaida, unatembea bila hofu. Vinaingia mfukoni. Nunua. La pili ni ndala za bafuni, kwa sababu nyumba za wafanyakazi mara nyingi bafu ni la watu wengi.

Umenielewa mpaka hapo? Kinachogusa mwili, kiwe chako. Tupande sasa kwenye ngozi.

Wako wanaoamini kwamba mtu mweusi haunguzwi na jua, sembuse jua la baridi. Ndugu yangu, imani hiyo iache uwanja wa ndege. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila ukipanda mita 1,000 miale ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa asilimia 10 hivi, na theluji mpya inaweza kuirudisha juu hadi asilimia 80 ya miale hiyo. Yaani jua linakupiga kutoka juu na kutoka chini. Rangi yetu inatupunguzia madhara, lakini haiyaondoi. Kwa hiyo beba krimu ya kukinga jua, ya kiwango cha 30 au 50, na ujipake mahali ambapo hukuzoea kujipaka: chini ya kidevu, chini ya pua, nyuma ya masikio. Tafuta aina isiyoacha weupe usoni, na uitafute kabla hujasafiri, maana duka dogo la kijiji cha milimani huenda lisiwe nayo. Midomo nayo ina krimu yake ya kukinga jua, ya kijiti. Weka kimoja kwenye koti, kimoja kwenye begi, kwa sababu kimoja kitapotea.

Halafu kuna ukavu. Hewa ya baridi haina unyevu wa kutosha, na vyumba vyenye hita ni vikavu zaidi. Baada ya wiki moja magoti yanapauka, ncha za vidole zinapasuka, na nyufa hizo ukizitia kwenye maji ya sabuni ya kuoshea vyombo utajuta. Beba mafuta mazito unayoyajua, yale uliyolelewa nayo. Kama ni mafuta ya nazi, yatie kwenye kopo lenye mdomo mpana. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na katika chupa yenye shingo nyembamba yatakuwa jiwe jeupe ambalo huwezi kulitoa hata ukiligeuza kichwa chini usiku kucha. Kwenye kopo unachota kwa kijiko, unayasugua viganjani, yanayeyuka. Jipake ukitoka kuoga, kabla maji hayajakauka mwilini.

Sasa nywele, na hapa nazungumza hasa na dada zangu, ingawa kaka wenye rasta nao wasikilize. Helmeti inatakiwa ikae juu ya fuvu, si juu ya fundo la nywele. Ukisuka rasta nene ukazifunga juu, helmeti itapanda, itaacha paji la uso wazi, na ukianguka haitakulinda inavyostahili. Suka twende kilioni, mistari ya kulala chini kabisa, na mikia ikutane shingoni. Halafu nenda dukani kujaribu helmeti ukiwa na msuko uleule utakaouvaa msimu mzima. Chini ya helmeti vaa kofia nyembamba ya satini, isiyo na mshono mnene. Inazuia nywele kukatika. Kofia hiyo huenda usiikute madukani huko, kwa hiyo shonesha mbili nyumbani. Na wewe unayejistiri, huna haja ya kuchagua kati ya hijabu na mlima. Ile hijabu ya michezo, ya kuvuta kichwani, isiyo na pini, inakaa vizuri chini ya helmeti, na juu yake unaongeza kitambaa cha shingoni cha kuvuta hadi puani. Pini usivae kabisa. Ukianguka, pini hukuchoma wewe mwenyewe.

Mzula, au boshori kama wanavyosema Nairobi, ni wa kuvaa kijijini tu. Chini ya helmeti hapana. Unainua helmeti na kuilegeza.

Mikono niiseme kwa kifupi. Glavu isiyotenganisha vidole, ile yenye chumba kimoja cha vidole vinne na kingine cha gumba, ina joto kuliko ya vidole vitano, kwa sababu vidole vinapashana joto. Ndani yake vaa glavu nyembamba, ili unapotoa simu au kufunga zipu ngozi isibaki wazi kwenye upepo. Na vipo vifuko vidogo vya kupasha mikono: ndani mna unga wa chuma, chumvi na makaa, na ukifungua pakiti hewa inaingia, chuma kinaanza kupata kutu, na kutu hiyo ndiyo inayotoa joto kwa saa kadhaa. Ni vizuri kuwa na viwili mfukoni kwa siku mbaya, hasa unapokaa kwenye kiti cha kupandia mlima na upepo unavuma. Ila usiviweke moja kwa moja kwenye ngozi.

Macho yana hatari yake. Miale ile niliyoitaja ikipiga jicho bila kinga kwa saa nyingi, jioni unahisi mchanga machoni, machozi yanatoka, mwanga unauma. Huo ndio unaoitwa upofu wa theluji. Hupona baada ya siku moja mbili, lakini siku hizo ni za mateso. Miwani ya skii, ile ya kufunga kwa mkanda, unayo kwenye orodha yako kubwa. Cha ziada ninachokuambia ni kioo cha pili. Kioo cheusi ni cha siku ya jua kali. Siku ya mawingu unahitaji kioo cha rangi nyepesi, ya waridi au manjano, maana mawingu yakitanda kila kitu kinakuwa cheupe, huoni shimo wala tuta, na watu huanguka mahali walipopita jana bila shida. Kama unavaa miwani ya kusomea au ya kuonea mbali, ulizia aina inayovaliwa juu ya miwani, na ubebe miwani yako ya akiba. Ukungu ukiingia ndani usifute kwa glavu. Tikisa maji yatoke, acha ikauke, futa taratibu kwa mfuko wake laini.

Kuhusu nguo, nina neno moja tu, kuhusu mahali pa kuzipata. Kabla hujatumia mshahara wa kwanza kwenye duka la kitalii, pita mitumba. Makoti ya skii yanayotupwa Ulaya yanafika Gikomba kule Nairobi, yanafika Owino kule Kampala, yanafika soko la Memorial pale Moshi, ambako wapagazi na waongoza watalii wa Kilimanjaro hununua nguo zao za baridi. Ukipata koti, ligeuze ndani nje. Angalia ule utepe uliobandikwa juu ya mishono. Ukiwa unabanduka, maji yataingia, liache. Jaribu zipu mara kadhaa, hasa pale chini inapoanzia. Nyunyiza maji kidogo begani: yakikusanyika na kubiringika, ni jema, yakizama, utahitaji dawa ya kupulizia ili lirudishe uwezo wake. Ila nguo za ndani za sufu, zile zinazokaa juu ya ngozi, nunua mpya, seti mbili au tatu. Unakumbuka kanuni yetu.

Haya, tuingie chumbani. Mfanyakazi wa msimu mara nyingi hulala chumba kimoja na wenzake, wakati mwingine kwenye kitanda cha juu na chini. Unaporudi saa sita usiku mwenzako amelala. Anapoamka saa kumi na moja wewe ndiyo kwanza umeshika usingizi. Beba kanga mbili. Moja itundike pembeni ya kitanda iwe pazia. Nyingine, au kikoi, iwe taulo la akiba, kwa sababu ni nyepesi na inakauka upesi kuliko taulo nene. Beba vizibo vya masikio. Beba kufuli. Beba kamba nyembamba ya kuanikia, maana hutapata mahali pa kuning’iniza soksi. Beba tochi ya kichwani; Desemba giza huingia kabla ya saa kumi na moja jioni, na barabara nyingi za kijijini hazina njia ya waenda kwa miguu.

Na umeme je? Soketi za Kenya, Uganda na Tanzania ni za pini tatu bapa. Za Austria na Ufaransa ni za mviringo, na Uswisi wana umbo lao. Badala ya kununua adapta tano, beba ekstensheni moja nzuri kutoka nyumbani na adapta moja. Unachomeka adapta ukutani, na chaja zako zote zinakaa kwenye ekstensheni. Ila ekstensheni hiyo ni ya chaja tu. Birika na hita zisiwekwe hapo. Anayekwenda Marekani au Kanada ajue kuwa umeme wa kule una nguvu nusu ya wa kwetu, hivyo birika la nyumbani halitachemka inavyopaswa. Pawabenki weka kwenye begi la mkononi, kwa sababu hairuhusiwi kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Mlimani ilaze pamoja na simu mfuko wa ndani, karibu na kifua. Baridi hudhoofisha betri, na simu iliyokuwa na chaji ya kutosha inaweza kuzimika ghafla ukiiweka mfuko wa nje.

Chupa ya chai ni ya lazima. Vinywaji vya mikahawa ya juu mlimani ni ghali, na chai yako ya tangawizi ukiwa umekaa kwenye kiti cha kupandia ni afya na ni akiba. Unga wa ugali unaweza kuubeba, na viungo vikavu vilivyosagwa. Lakini nyama, samli na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya abiria haruhusiwi kuingiza. Usimwache mama akufungie nyama ya kukausha halafu ukanyang’anywa forodhani.

Msikilizaji, hapa naomba utulie, maana tunafika mahali ambapo kitu cha ziada ni uhai.

Ndani ya njia zilizowekewa alama, wenye mlima hukagua theluji na kufunga sehemu za hatari. Nje ya alama hizo ni juu yako. Katikati ya Januari utakuta marafiki wanaokuambia, “Twende pale nyuma ya mlima, theluji haijaguswa.” Huko ndiko kwenye maporomoko ya theluji. Anayekwenda huko anabeba vitu vitatu: kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi, ambacho hufungwa mwilini chini ya koti, fimbo ndefu ya kuchunguzia, inayokunjwa, na koleo la chuma. Vyote vitatu, kila mtu na vyake. Ukifukiwa, wenzako ndio watakaokutoa, na muda wenyewe ni dakika, si saa. Je, ukivinunua umeshakuwa salama? La hasha. Kifaa mkononi mwa mtu ambaye hajafundishwa hakimwokoi mwenzake. Kila siku ya msimu Ulaya hutangazwa kiwango cha hatari ya maporomoko, kuanzia 1 hadi 5. Watu huiogopa 5, nayo ni nadra, na wengi hukaa ndani siku hiyo. Vifo vingi hutokea kiwango cha 3, siku ambazo anga ni safi na watu wamejiamini. Kama hujapata mafunzo, jibu lako kwa marafiki hao liwe hapana.

Mwisho, begi la hati na dawa. Hili nalo ni la mwilini.

Viza ya kawaida ya kutalii ya Schengen hukupa siku 90 ndani ya siku 180, na haikuruhusu kufanya kazi. Msimu kuanzia Desemba hadi Aprili unazidi hapo. Kwa hiyo mwenye kazi ahakikishe ana kibali cha kazi ya msimu mkononi, si ahadi ya simu. Kuna na bima. Viza hiyo hudai bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, na wengi wakishaipata hukaa wametulia. Isome. Bima nyingi za safari hazigharimii ajali za michezo ya theluji mpaka uongeze kipengele hicho na kulipia. Helikopta ikikuchukua na goti lililovunjika, ankara inakuja kwako. Italia nayo, tangu mwaka 2022, inamtaka kila mtu anayeteleza kwenye njia zake awe na bima ya kumlipa atakayemgonga.

Kwenye dawa, mwenye pumu abebe inhela yake na ya akiba, maana hewa ya baridi huichochea pumu. Mwenye selimundu asipande milima hiyo kabla ya kuzungumza na daktari wake. Baridi, upungufu wa maji na urefu wa mlima vyote ni hatari kwake. Na kila mmoja wetu anayetoka kwenye mbu ashike hili: ukipata homa ndani ya wiki za mwanzo, usikubali kuambiwa ni mafua ya kawaida ukalala. Mwambie daktari waziwazi kwamba unatoka nchi yenye malaria na uombe upimwe damu. Daktari wa kijiji cha Alps huona miguu iliyovunjika kila siku. Malaria huenda isimjie akilini.

Kabla hujalala leo, andika namba hizi kwenye simu na kwenye kikaratasi, kwa sababu simu huzimika. Dharura Ulaya nzima ni 112. Uokoaji wa milimani Austria ni 140. Helikopta ya uokoaji Uswisi ni 1414. Jifunze pia kusoma namba iliyopigwa kwenye nguzo za njia unayoteleza, maana hiyo ndiyo itakayowaelekeza waokoaji ulipo.

Na wewe mzazi au ndugu unayenisikiliza, ambaye mwanao anaondoka mwezi huu, usimwulize tu kama ana koti. Mwambie akuonyeshe bima yake, nanyi wawili mtafute pamoja mstari unaotaja skii kwa jina. Kama haumo, arudi kwa wakala kabla hajanunua hata glavu.